Shamba la mtu, njia ya watu: kuelewa matembezi ya mashambani Wales

Mshale ulikuwa mdogo kuliko kiganja changu. Plastiki ya njano, misumari miwili, nguzo ya mbao iliyoota kuvu, na ncha yake ilielekea moja kwa moja ndani ya ua wa nyumba ya mtu. Hapo ni Powys, katikati ya Wales, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka kutembea mashambani peke yangu. Mbele yangu geti la chuma. Nyuma ya geti trekta, lundo la matairi makuukuu, mbwa wawili weusi wenye mabaka meupe, na dirisha la jikoni lililowashwa taa saa tano asubuhi kwa jinsi mawingu yalivyokuwa mazito. Mtu aliyelelewa kwetu anajua la kufanya mbele ya ua wa watu: nikapiga hodi, nikasubiri. Akatoka mzee na kikombe chake cha chai, akanitazama kama unavyomtazama mtu anayebisha hodi katikati ya barabara kuu, kisha akanyoosha mkono: pita, geti la pili liko nyuma ya zizi.

Nikamshukuru sana, nikaenda zangu nikijua nimepewa ruhusa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mzee yule hakunipa ruhusa yoyote, kwa sababu hakuwa nayo. Ua ni wake. Njia inayopita katikati ya ua si yake.

Wageni wengi wanarudi kutoka Wales na picha za kondoo na vilima vya kijani wakidhani kule ardhi haina mwenyewe. Ina mwenyewe, karibu kila hatua. Kinachochanganya ni kwamba juu ya kipande kimoja cha kilima haki za watu mbalimbali zimelaliana kama makuti ya paa. Mmoja anamiliki udongo, mwingine ana haki ya kulisha mifugo, umma una haki ya kupita, na kondoo wenyewe nao, kama tutakavyoona, wana lao. Ukizitenganisha haki hizo moja moja, mizozo mingi ya vijijini Wales inaanza kueleweka, na safari yako ya Jumapili pia.

Njia ni kitu, ardhi ni kitu kingine

Wales ni ndogo kuliko mkoa wa Pwani wa Tanzania, lakini ina njia za umma zenye urefu wa jumla unaokaribia kilomita 33,000. Nyingi si za kitalii kwa asili yake. Ni njia za watu waliokuwa wakienda kanisani, kwenye kinu cha kusaga, machimboni, mnadani, shuleni. Ndiyo maana zinapita mahali ambapo leo panaonekana pa ajabu: katikati ya malisho, kando ya dirisha la sebule ya mtu, katikati ya zizi. Njia ilikuwepo kwanza. Sebule ilikuja baadaye.

Sheria ya zamani ya huko inasema njia ikishakuwa ya umma, ni ya umma milele, hadi taratibu rasmi ziifute. Haifi kwa kutotumika. Inaweza kukaa miaka arobaini bila kukanyagwa, miiba ikaifunika yote, na bado ikawa na nguvu ileile kisheria kama barabara ya lami. Mwaka 1949 Bunge la London lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kufika mashambani, ikazitaka halmashauri kuchora ramani rasmi ya kila njia. Njia iliyomo katika ramani hiyo haibishaniwi. Isiyomo inaweza bado kudaiwa: watu wakionyesha kwamba wameitumia miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, sheria inachukulia kwamba mwenye ardhi amekwisha kuitoa kwa umma, isipokuwa athibitishe kwamba hakukusudia hivyo.

Hapo pa kutoomba ruhusa pasomwe mara mbili. Anayepita kwa ruhusa hajengi haki, maana ruhusa inaweza kuondolewa kesho. Hodi yangu ya kistaarabu, kwa hesabu za kisheria, ilikuwa inavunja kesi ya wenzangu.

Mishale ina rangi. Njano ni njia ya waendao kwa miguu tu. Buluu ni ya farasi, na tangu 1968 baiskeli nazo zinaruhusiwa humo, mradi wapanda baiskeli wawapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Zambarau inaongeza mikokoteni ya farasi lakini inakataza vyombo vya moto. Nyekundu ni wazi kwa wote, magari yakiwemo, na ndiyo inayoleta kelele nyingi kwenye mikutano ya vijiji, kwa sababu pikipiki za mchezo zikipita humo wakati wa mvua zinaacha mahandaki.

Na majukumu je? Kwa njia ya miguu ya kawaida, wajibu wa kutunza uso wa njia uko kwa halmashauri. Ngazi ndogo za mbao za kuvukia uzio ni kazi ya mwenye shamba, naye ana haki ya kudai kwa halmashauri angalau robo ya gharama. Akilima shamba ambalo njia inalikata katikati, ana siku 14 za kuirudisha njia iweze kupitika, upana usiopungua mita moja. Njia inayofuata ukingo wa shamba haruhusiwi kuilima kabisa.

Kisha kuna suala la fahali, ambalo linachekesha mpaka siku utakapokutana naye. Sheria ya 1981 inakataza kumwachia fahali wa aina za ng'ombe wa maziwa, kama Friesian au Jersey, aliyezidi miezi kumi, katika shamba linalopitiwa na njia ya umma. Fahali wa aina za nyama anaruhusiwa, ila awe pamoja na majike. Hoja ni kwamba fahali wa maziwa ana hasira kuliko wa nyama, na wa nyama mwenye wake zake hana haja na wewe. Kwa hiyo mtembezi anatakiwa, akiwa juu ya ngazi ya uzio, mvua inamchapa, atambue kwa mbali aina ya ng'ombe, umri wake na hali yake ya ndoa. Mimi huzunguka.

Ukitoka nje ya njia ukaingia malishoni, hapo umevamia. Lakini uvamizi wa aina hiyo kwa kawaida ni madai baina ya watu wawili, si kosa la jinai. Yale mabango ya zamani yanayotisha kwamba wavamizi watashtakiwa kwa sehemu kubwa ni vitisho tu. Mwenye shamba anaweza kukutaka uondoke, nawe unaondoka. Mbwa ndiye anayebadilisha hesabu. Mbwa anayesumbua mifugo shambani anamtia mwenyewe hatiani chini ya sheria ya 1953, na katika mazingira fulani mfugaji anaweza kumpiga mbwa huyo risasi na sheria ikamkingia kifua. Ukisikia mfugaji anakemea kwa ukali usiolingana na kosa, uliza kama kuna kondoo wenye mimba karibu. Kondoo mwenye mimba huweza kutupa mimba kwa kukimbizwa tu, bila hata kuguswa.

Eneo la rangi ya njano

Ramani za matembezi za Uingereza za kipimo cha 1:25,000 zina vistari vya kijani kuonyesha njia. Ukizitazama zile za Wales utaona pia mawanda makubwa yaliyopakwa njano iliyofifia. Hii ni tabaka la pili, na ndilo jipya zaidi.

Kwa karibu karne nzima watembezi walidai haki ya kuzurura milimani, si kupita kwenye mstari tu. Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea England, mlima wa Kinder Scout, Aprili 1932, pale mamia ya vijana wa viwandani walipopanda makusudi mlima uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria waliyoitaka ilikuja mwaka 2000, na Wales ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 28 Mei 2005. Tangu hapo, takriban sehemu moja ya tano ya nchi ni ardhi ambayo mtu yeyote anaweza kuitembelea kwa miguu, kokote anakotaka ndani yake: milima, nyika na malisho ya pamoja.

Kwa miguu, nasema. Haki hiyo haimpi mtu kupiga hema, kuogelea bwawani, kuendesha baiskeli, wala kuwasha moto. Kati ya tarehe 1 Machi na 31 Julai mbwa lazima afungwe kamba fupi isiyozidi mita mbili, kwa sababu ndege wa nyikani hutaga chini kwenye majani. Mwenye ardhi anaweza kufunga eneo lake hadi siku 28 kwa mwaka.

Scotland walikwenda mbali zaidi mwaka 2003: kule unaweza kutembea karibu popote ukiwa na adabu. Wales imelizungumza suala hilo mara kadhaa bila kulifikia. Nadhani sababu moja ni kondoo, waliopo karibu kila palipo na majani. Wales ina watu wapatao milioni 3.1 na kondoo karibu milioni 9.

Hifadhi isiyo na lango

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia hifadhi ya taifa anaona Serengeti au Tsavo: lango, kiingilio, askari wa wanyamapori, na hakuna mtu mwenye jembe. Wales ina hifadhi za taifa tatu, Eryri ya 1951, pwani ya Pembrokeshire ya 1952 na Bannau Brycheiniog ya 1957, na hakuna hata moja yenye lango. Zinachukua karibu asilimia 20 ya nchi. Ndani yake mna vijiji, shule, baa, makanisa, machimbo ya mawe, na mashamba ya watu binafsi. Eryri peke yake ina wakazi wapatao 25,000. Mamlaka ya hifadhi kazi yake kubwa ni vibali vya ujenzi na kulinda sura ya nchi: paa lako liwe la rangi gani, ghala lako lijengwe wapi.

Hiyo ina faida na maumivu yake. Hakuna aliyefukuzwa ili hifadhi itangazwe. Lakini kijana wa hapo anayetaka kujenga kibanda kwenye shamba la baba yake anakutana na foleni ya masharti, huku nyumba zilizopo zikinunuliwa na watu wa mijini wanaokuja wiki sita kwa mwaka. Halmashauri ya Gwynedd ilipandisha nyongeza ya kodi kwa nyumba hizo za pili hadi asilimia 150 mwaka 2023. Kutembea katika kijiji cha namna hiyo mwezi Februari, nyumba tatu zina taa na kumi hazina, ni somo ambalo ramani haina rangi ya kulionyesha.

Kondoo ana ramani yake

Sasa tabaka ninalolipenda kuliko yote. Vilele vingi vya Wales ni malisho ya pamoja, na neno pamoja linawapotosha wengi. Halimaanishi ya wote. Ardhi ina mmiliki: pengine ni ukoo wa mabwanyenye, pengine shirika la hifadhi, pengine kampuni ya maji. Lakini mashamba yaliyo chini ya kilima yana haki juu yake, zilizoandikwa katika daftari rasmi kwa mujibu wa sheria ya 1965: shamba fulani lina haki ya kondoo kadhaa na farasi wachache. Na si malisho tu. Zipo haki za kukata magugu ya kulazia mifugo, za kuchimba mboji ya kuchoma, za kuvua samaki, hata za kuwapeleka nguruwe kula mbegu za mwaloni. Haki hizo zina watu wenyewe, na wanajulikana kwa majina.

Juu huko hakuna uzio. Kondoo wa mashamba sita wanaweza kulisha kwenye kilima kimoja, na bado kila kundi linakaa kwenye upande wake. Nani anawazuia? Hakuna. Kondoo jike aliyezaliwa upande ule anaujua: wapi pa kujikinga na upepo wa kaskazini, wapi pana maji, mpaka wa jirani uko kwenye jiwe lipi. Mwanakondoo wake anajifunza kwa kumfuata. Wawelisi wana neno la mahali hapo pa mazoea: cynefin. Zamani lilikuwa la wafugaji, siku hizi limeingia hata katika mtaala wa shule za Wales kumaanisha pale mtoto anapojiona wa hapo.

Maarifa hayo hayanunuliki. Shamba la mlimani likiuzwa, desturi ni kuwaacha kondoo wa kilima waende na shamba, kwa sababu mnunuzi akileta wageni watatawanyika hadi bonde la tatu. Uchungu wa jambo hili ulionekana mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza. Njia za umma zilifungwa nchi nzima, watembezi wakakaa nyumbani, na mifugo mamilioni ikauawa, yakiwemo makundi ya kilimani huko Bannau Brycheiniog. Fidia ililipwa kwa kichwa cha kondoo. Lakini kichwani mwa kondoo yule mlikuwa na ramani ya vizazi, na aliyebaki na kilima kitupu alilazimika kuanza upya: kusimama na kondoo wageni, kuwarudisha, kuwarudisha tena, hadi kizazi kitakachozaliwa pale kishike.

Ukibahatika kuwa kilimani siku wanapokusanya kondoo, kaa chini usiwe kikwazo. Watu wachache na pikipiki za magurudumu manne wanakwenda juu kabisa, kisha mbwa wanaachiliwa. Kwa mbali kilima kinaonekana kinamwaga maziwa: mistari myeupe inateremka kwenye mikunjo, inaungana, inakuwa mto mmoja kuelekea getini. Mbwa hapigi kelele. Analala kifudifudi kwenye majani, anakaza macho, anasogea hatua mbili, analala tena. Filimbi fupi kutoka kwa mwenyewe na anageukia kushoto, umbali wa nusu kilomita. Mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo kurekodiwa Uingereza yalifanyika Bala, kaskazini mwa Wales, mwaka 1873; mshindi alikuwa Mskoti aliyehamia Wales, na wenyeji hawapendi sana kukumbushwa sehemu hiyo.

Siku za kukata manyoya, mnamo Juni na Julai, zilikuwa na utaratibu ambao Mpare angeuita msaragambo bila kusita. Kila shamba lilikuwa na siku yake katika mzunguko, majirani wote wanakuja, kesho wanahamia kwa mwingine, na mwenyeji anawajibika kwa chakula. Kwa Kiwelisi huitwa cymhortha. Mashine na vikundi vya wakataji wa kulipwa vimeupunguza, ila bado utasikia mtu akisema hawezi kwenda mahali fulani Jumanne kwa sababu jirani anakusanya.

Maji ya watu wengine

Karibu na Rhayader kuna mabonde ya Elan, mahali pazuri mno pa matembezi: mabwawa ya mawe, misitu, na mwewe wekundu wenye mkia wa uma, ndege waliokaribia kutoweka Uingereza na kubakia jozi chache katika mabonde haya ya kati. Familia zinakuja na watoto, zinaegesha gari, zinanunua aisikrimu. Sehemu kubwa ya maji yale hainywewi pale. Yanateremka kwa mvuto tu, bila pampu, kilomita 118 hadi mji wa Birmingham, England. Mabwawa yalizinduliwa mwaka 1904, na watu wapatao 100 waliondolewa bondeni. Waliolipwa ni wenye ardhi. Wapangaji waliondoka mikono mitupu.

Kisha tazama kilichomo katika sheria ileile ya mwaka 1892 iliyoipa Birmingham bonde. Mna kifungu kinachouhifadhia umma uhuru wa kutembea kwenye vilima vinavyolizunguka bonde, kwa hewa na mazoezi. Miaka mia moja na zaidi kabla ya ramani za njano, Elan tayari palikuwa wazi. Aliyenyang'anywa nyumba alipewa matembezi. Sijui niiite nini biashara hiyo, lakini kila nikipita ukingoni mwa bwawa la Caban Coch naiona.

Kidonda kilicho wazi zaidi ni cha kaskazini. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, kilichoongea Kiwelisi, kilizamishwa katika bonde la Tryweryn ili Liverpool ipate maji, baada ya muswada kupita bungeni bila mbunge hata mmoja wa Wales kuuunga mkono. Kando ya barabara ya pwani karibu na Llanrhystud kuna ukuta uliobomoka wenye maneno meupe juu ya rangi nyekundu, Cofiwch Dryweryn, yaani ikumbukeni Tryweryn. Ukiona maneno hayohayo yamebandikwa kwenye bampa ya gari la mtu, usimuulize kuhusu maji kabla hamjazoeana.

Jina linakuambia uvae viatu gani

Umeona Tryweryn imegeuka Dryweryn? Hilo si kosa la mchoraji. Kiwelisi hubadilisha mwanzo wa neno kutegemea linachofuata. Mwingereza huona hilo ni wazimu. Sisi tunaosema ulimi na ndimi, ubavu na mbavu, mtu mrefu na kamba ndefu, hatuna haki ya kushangaa. Pont ni daraja; lakini Pen-y-bont ni mwisho wa daraja. Mair ni Maria. Kanisa lake ni Llanfair. Kilele ni ban: wingi wake ni bannau, kama katika Bannau Brycheiniog, na mlima mrefu kuliko yote humo, wenye mita 886, ni Pen y Fan. Neno ni lilelile.

Na matamshi yanatufaa kuliko yanavyowafaa Waingereza. Mkazo, kama wetu, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Dd ni dh ya dhahabu. Ch ni kh ya kheri kwa mtu wa pwani. F husomwa v, kwa hiyo cynefin inakaribia kanevin. Ll tu ndiyo mgeni: weka ulimi kama unayetaka kusema l, kisha puliza hewa pembeni.

Majina hayo yameandikwa na watu waliokuwa wakitembea, na bado yanafanya kazi. Aber ni mdomo wa mto. Cwm ni bonde lililofungwa kwa juu. Bwlch ni mwanya wa kupitia kati ya vilima viwili. Ukiliona, hapo ndipo upepo utakapokukuta. Moel ni kilima kipara, hakuna kivuli wala kinga. Rhyd ni mahali pa kuvuka mto kwa miguu. Cors ni kinamasi, na nimewahi kupoteza kiatu mahali ambapo ramani ilinionya waziwazi kwa herufi hizo nne. Nchi yenyewe inanyesha: sehemu za Eryri hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam.

Hendre na hafod utayakuta kila mahali. Hendre ilikuwa nyumba ya bondeni ya majira ya baridi. Hafod kibanda cha mlimani cha kiangazi. Kuanzia mwanzoni mwa Mei familia ilipanda na ng'ombe wake, wakatengeneza siagi na jibini huko juu, wakashuka mwanzoni mwa Novemba. Mmasai au Mpokoti hahitaji kuelezwa zaidi. Maisha hayo yamekwisha, majina yamebaki, na hafod nyingi sasa ni kuta nne za mawe zenye kondoo ndani.

Ndiyo maana mabishano ya majina yana uzito. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya kaskazini iliamua kutumia Eryri badala ya Snowdonia, na Yr Wyddfa kwa mlima wake wenye mita 1,085. Bannau Brycheiniog, ambako Kiingereza kilipaita Brecon Beacons, wakafuata Aprili 2023. Kuna waliolalamika kwamba ni majina mapya na magumu. Si mapya, ya Kiingereza ndiyo yaliyokuja baadaye. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,300, asilimia 17.8 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, na wengi wa hao hawakuwahi kuuita mlima ule kwa jina jingine.

Kuhusu Yr Wyddfa wenyewe nitasema machache, maana una watu wa kutosha. Kuna treni ya kupanda kileleni tangu 1896. Maegesho ya Pen-y-Pass msimu wa utalii huwekwa nafasi mapema, na anayeegesha kando ya barabara huvutiwa gari lake. Ukipotea au ukivunjika mguu, unapiga 999, unaomba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, mwalimu, fundi bomba, mfugaji, waliotoka mezani kwao wakaacha chakula kinapoa, na hawatakudai hata senti. Wanachokereka nacho ni mtu aliyepanda kwa sandali akitegemea ramani ya simu mahali ambapo mtandao haupo.

Karatasi getini

Mwaka jana nilirudi kwenye ule ua wa Powys. Mshale wa njano upo, mbwa ni mmoja. Getini palikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa waya: tangazo la halmashauri. Mwenye shamba ameomba njia ihamishwe, izunguke nyuma ya ghala badala ya kukata uani. Sababu zake zinaeleweka. Trekta za leo ni kubwa, dereva haoni mtoto aliye nyuma ya gurudumu, na hakuna anayependa wageni wamchungulie jikoni akinywa chai.

Lakini hawezi kuisogeza mwenyewe, hata hatua ishirini. Anaomba, analipia gharama, tangazo linabandikwa ncha zote mbili za kipande kinachohamishwa, linachapishwa gazetini, na yeyote, hata asiyeishi Wales, ana siku 28 za kupinga. Likipingwa na asiyelitaka asiondoe pingamizi, linakwenda kwa mkaguzi. Njia mpya isiwe na usumbufu mkubwa kuliko ya zamani, na wajibu wa kuonyesha hilo ni wake.

Nilisoma tangazo lote, mvua ikidondoka kwenye plastiki. Safari hii sikupiga hodi. Mzee alikuwa uani anamwaga maji ndooni. Akanijibu salamu, akauliza kama nimeisoma karatasi. Nikamwambia nimeisoma. Akauliza ninaonaje. Nikamwambia nyuma ya ghala pana tope. Akacheka, akasema ndiyo, ataweka kokoto.